Kicheko cha Sardo: Neno Lililotafutiwa Hekaya

Kivumishi *sardonic* cha Kiingereza hutaja kicheko cha mtu asiyefurahi: cheko la dharau lenye uchungu ndani yake, la mtu aliyekwisha kata tamaa na binadamu wenzake na bado anawacheka. Vitabu vinavyosimulia asili za maneno hutoa jibu la haraka kuhusu chimbuko lake. Husema limetoka Sardinia, kisiwa cha Italia, ambako uliota mmea wenye sumu uliomfanya aliyeula afe amekenua meno kama anayecheka. Maelezo haya yana kila kitu cha kumfurahisha msomaji, yaani kifo, sumu na kisiwa cha mbali, na ndiyo sababu yamerudiwa kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Makala haya yanadai kwamba yamepindua mpangilio wa mambo. Neno lilikuwepo kwanza, bila kisiwa na bila mmea. Hekaya zilikuja baadaye kulitafutia sababu, na zilipofika zikalibadilisha umbo na maana. Tukisema *sardonic* ni kivumishi kilichotokana na hekaya tutakuwa tumesema kweli, ila si kwa jinsi inavyodhaniwa.

Shahidi wetu wa kwanza ni Homer. Katika kitabu cha 20 cha utenzi wa Odyssey, ambao wataalamu wengi huuweka karne ya 8 au ya 7 KK, Odysseus amerudi kwake Ithaca baada ya miaka 20. Amejigeuza ombaomba, ameketi ndani ya ukumbi wake mwenyewe, na mbele yake wanaume wanaomposa mkewe wanakula ng'ombe wake na kunywa mvinyo wake. Mmoja wao, Ctesippus, kijana mwenye mali kutoka Same, anawatangazia wenzake kwamba na yeye atampa mgeni huyu zawadi. Anatia mkono kapuni, anachomoa kongoro la ng'ombe na kumrushia. Odysseus anainamisha kichwa kidogo tu. Kongoro linampita na kugonga ukuta. Hapo Homer anasema kwamba Odysseus alitabasamu moyoni, na tabasamu lenyewe analiita *sardanion*.

Tukio hili linafaa kusomwa polepole, kwa sababu hoja nzima imo humo. Tabasamu halikuonekana na mtu yeyote ukumbini. Liko moyoni, uso umetulia. Anayetabasamu hafi, hakula kitu, wala hakulazimishwa kucheka na yeyote. Ni mtu mwenye nguvu anayejua kitakachotokea kesho, anayevumilia fedheha leo kwa sababu hesabu ameshaipiga. Na kweli, katika kitabu cha 22, mchunga ng'ombe Philoetius anamchoma mkuki Ctesippus na kumwambia kwamba hayo ndiyo malipo ya lile kongoro. Kwa Homer, basi, *sardanion* ni tabasamu la ghadhabu iliyofichwa. Ukilitazama kwa makini utaona mambo mawili yanayokosekana. La kwanza ni mauti ya anayecheka. La pili ni Sardinia, kwani Homer hakitaji kisiwa hicho mahali popote katika tenzi zake mbili, na neno lenyewe amelitumia mara hii moja tu.

Karne tatu hivi baadaye Plato analitumia katika kitabu cha kwanza cha Jamhuri. Mazungumzo yako Piraeus, nyumbani kwa Polemarchus, mwana wa mzee Cephalus, na Thrasymachus, ambaye amechoshwa na maswali ya Socrates, anaangua kicheko cha namna hiyohiyo. Hapa kicheko kimetoka moyoni kikafika kinywani, kikawa cha kebehi ya wazi. Lakini umbo la neno ni lilelile la Homer, lenye *a* katika silabi ya pili. Hapa pia hakuna kisiwa.

Kisiwa kiliingia kwa mlango wa sauti. Wagiriki walikiita Sardinia kwa jina Sardo, na kitu cha huko kiliweza kuitwa *sardonios*. Kati ya *sardanios* na *sardonios* kuna tofauti ya irabu moja. Mtu aliyesikia neno la kale asilolielewa, tena kutoka kwa mshairi mkuu kuliko wote, alikuwa na jina la kisiwa tayari sikioni mwake. Akaligeuza *a* kuwa *o*, na tangu hapo neno likawa na kwao. (Jina hili lilikuwa na tabia ya kuvuta vitu visivyo vyake: Herodotus anaeleza kwamba Wagiriki waliita kitani cha Colchis, huko mashariki ya Bahari Nyeusi, kitani cha Sardo.) Wanaisimu huita jambo hili etimolojia ya watu: wasemaji wanapokutana na neno lisilo na maana ya wazi hulisogeza hadi lifanane na neno wanalolijua.

Neno likishapata kwao, sharti lipate na kisa. Na visa vilikuja vingi. Tunavikuta katika maelezo ambayo wanazuoni wa baadaye waliyaandika ukingoni mwa nakala za Plato, na katika makusanyo ya methali za Kigiriki. Wakinukuu waliotangulia, wanasema mshairi Simonides, aliyeishi karne ya 6 na ya 5 KK, alimhusisha Talos, mtu wa shaba aliyefuliwa na mungu Hephaestus. Kabla ya kwenda kulinda Krete, Talos aliishi Sardinia, na huko aliua wengi waliokufa wamekenua meno. Timaeus wa Tauromenium, mwanahistoria wa Sisilia, alikuja na jambo jingine kabisa: Wasardinia waliwapeleka wazazi wao waliozeeka kwenye ukingo wa mashimo, wakawapiga kwa vipande vya kuni na kuwasukuma ndani, na wazee walikufa wakicheka. Demon, mwandishi wa Athens, akasema waliochinjwa kwa ajili ya mungu Kronos ni mateka na wazee waliopita miaka 70, na kwamba walicheka kwa sababu kulia katika saa hiyo kulihesabiwa kuwa aibu.

Mwanahistoria Cleitarchus akakihamishia kisa Carthage. Alisema watu wa huko walikuwa na sanamu ya shaba ya Kronos, mikono imenyooshwa juu ya tanuri la moto. Mtoto aliyewekwa mikononi humo viungo vyake vilijikunja kwa joto, mdomo ukavutika, na kwa mtazamaji ukaonekana unacheka. Carthage inaingiaje katika habari za Sardinia? Kwa sababu Wakarthage walikitawala kisiwa hicho mpaka Roma ilipokinyakua mwaka 238 KK. Mwisho, katika karne ya 2 BK, msafiri Pausanias anatoa maelezo yaliyoshinda mengine yote kwa umaarufu. Kisiwa, anasema, hakina mimea ya sumu isipokuwa mmoja unaofanana na selari, unaoota karibu na chemchemi. Anayeula hufa akicheka.

Visa vitano hivi vinakubaliana juu ya mambo mawili tu, kisiwa na mdomo uliokenuliwa. Katika mengine yote vinapishana: muuaji ni mtu wa shaba, watoto wenyewe, makuhani, moto au jani. Kwa maoni yangu wingi huu ni ushahidi. Lau neno lingekuwa limezaliwa kutokana na mmea unaojulikana, asingehitajika mtu wa shaba kulieleza, na Simonides hangekuwa na kazi ya kufanya. Jamii hubuni sababu nyingi pale sababu moja ya kweli inapokosekana. Tena wapo wa kale waliolihisi hili. Maelezo hayohayo ya ukingoni yanataja wanazuoni walioachana na Sardinia kabisa na kulifungamanisha neno na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kukenua meno. Maelezo hayo hayana damu wala moto, na labda ndiyo maana hayakusimuliwa sana.

Msomaji wa Kiswahili ana mfano wake wa karibu. Wengi tumesikia kwamba Unguja ni *ungu jaa*, chungu kilichojaa, kwa sababu ya neema ya kisiwa. Lakini Yaqut al-Hamawi, mwanajiografia aliyefariki mwaka 1229, aliandika jina la kisiwa cha Wazanji kuwa Lanjuya, na wanahistoria wanalisoma kuwa ni jina hilihili likiwa na *l* mwanzoni. Umbo hilo la kale linakivunja chungu chote, kwani neno *ungu* halina *l* ya kuazima. Kanuni ni ileile ya *sardanion*: kabla ya kuuliza kisa kinasema nini, uliza umbo la zamani kuliko yote linasemaje.

Kuna pingamizi zito dhidi ya hoja hii, na haifai kulipita kimya. Nyaraka za Misri za karne ya 13 KK zinawataja mabaharia wapiganaji walioitwa Shardana, ambao baadhi yao walimlinda Ramses II katika vita vya Kadesh. Pia kuna jiwe la Nora, lililopatikana kusini mwa Sardinia, lenye maandishi ya Kifoinike ya karne ya 9 au ya 8 KK. Humo wataalamu wengi wanasoma konsonanti *š-r-d-n* kuwa jina la kisiwa. Mwandiko wa Kifoinike hauonyeshi irabu. Yeyote anaweza basi kudai kwamba kisiwa kiliwahi kuitwa kwa *a*, na kwamba Homer alilipata neno kutoka kwa mabaharia wa magharibi, ijapokuwa kisiwa chenyewe hakukijua. Hoja hii inawezekana kihistoria. Inachoshindwa kueleza ni matumizi ya Wagiriki wenyewe. Wanapozungumzia kisiwa, watu wake au bidhaa zake, wanaandika kwa *o*. Umbo lenye *a* linajitokeza panapozungumzwa kicheko. Kama yangekuwa neno moja, yangechanganyikana tangu mwanzo, si baada ya kupita karne kadhaa. Isitoshe, hata tukikubali jina la kisiwa limo ndani ya neno la Homer, bado hatujapata sumu wala mzee aliyesukumwa shimoni. Tabasamu la Odysseus halihitaji vyote hivyo.

Wanaisimu wa nyakati zetu wamejaribu njia nyingine. Julius Pokorny, katika kamusi yake kubwa ya mizizi ya lugha za Kihindi-Kiulaya, aliliweka neno hili pamoja na kitenzi cha Kiwelsi cha kucheka, *chwarddu*. Pendekezo linavutia kwa upande wa maana, ila linakwama kwenye fonolojia: mfuatano wa *sw* mwanzoni mwa neno, ambao ungehitajika hapa, kwa kawaida haukubaki kuwa *s* katika Kigiriki, bali ulidhoofika kuwa *h*. Kwa hiyo kamusi za etimolojia za Kigiriki huacha asili ya *sardanios* bila hukumu ya mwisho. Mimi naona hukumu hiyo ya kutohukumu ni bora kuliko jibu lolote linaloanzia kisiwani.

Halafu sayansi ikaingia, na mambo yakachanganyika upya. Mwaka 2009 timu ya wakemia, mmoja wao akiwa Giovanni Appendino, ilichapisha katika jarida la Journal of Natural Products uchunguzi wa *Oenanthe fistulosa* ya Sardinia, mmea wa majimaji ulio katika familia moja na karoti na giligilani. Walitoa ndani yake sumu zinazozuia vipokezi vya GABA, kemikali ambayo mwili huitumia kutuliza neva. Neva zisipotulizwa, misuli hukaza bila kulegea, na misuli ya uso ni miongoni mwa ile inayoonyesha hali hiyo mapema. Habari zilienea kwamba fumbo la miaka elfu mbili limefumbuliwa.

Uchunguzi wenyewe ni wa thamani na sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na hatua iliyorukwa baada yake. Kemia imeonyesha kwamba Pausanias hakusema uongo kuhusu mmea, kwamba pale Sardinia pana jani linaloweza kuukaza uso wa mtu. Haikuonyesha, wala haina uwezo wa kuonyesha, kwamba neno la Homer limetoka katika jani hilo. Yaliyo kweli duniani na yaliyo kweli katika historia ya neno ni mambo mawili, na ushahidi wa moja hauhamishiki kwenda kwa jingine. Akiolojia inatupa kipimo kizuri. Huko Carthage, na pia Tharros katika pwani ya magharibi ya Sardinia, vimefukuliwa vyungu vingi vyenye mifupa ya watoto wachanga iliyochomwa moto. Wanaakiolojia bado wanabishana kama hao walikuwa kafara au watoto waliokufa kwa maradhi wakazikwa kwa heshima ya pekee. Tuseme kesho ithibitike kuwa ni kafara. Je, Cleitarchus naye atakuwa amethibitishwa kuhusu asili ya neno? Tutakuwa na asili mbili zilizothibitishwa na sayansi, ya jani na ya moto, kwa neno moja. Ukomo wa hoja ya kemia unaonekana hapo.

Uso huo uliokenuliwa umeacha alama mahali pengine pia, katika kitabu cha daktari. Hadi leo madaktari huita *risus sardonicus*, kicheko cha Sardo, ile dalili ya mgonjwa wa pepopunda: taya limejifunga, pembe za mdomo zimevutwa nje na kuacha meno wazi, nyusi zimepanda. Mgonjwa hacheki. Anasikia maumivu yote, kwa sababu sumu ya bakteria wa pepopunda haimwondolei fahamu. Sumu hiyo huzuia neva kutoa kemikali za kutuliza misuli, GABA ikiwemo, na ndiyo maana matokeo yake usoni yanafanana na ya mmea wa Sardinia. Yanafanana pia na ya striknini, ambayo huziba vipokezi vya kemikali nyingine ya kutuliza. Inafaa kulinganisha majina. Mgiriki aliuita ugonjwa *tetanos* kwa kuona mwili ulivyonyooka na kukaza. Daktari wa Ulaya aliutazama mdomo akakumbuka kisiwa. Mswahili naye alimwona mtu amekakamaa ghafla, mgongo umepinda, akalitaja pepo, tena la punda. Hakuna jina hata moja kati ya hayo lililomjua bakteria, aliyetengwa maabarani na Kitasato mwaka 1889. Yote yanatuambia kuhusu waliokuwa wakitazama.

Sasa turudi kwenye njia ambayo neno lilipita hadi Kiingereza, kwani huko ndiko hekaya ilikofanya kazi yake halisi. Mwaka 45 KK Cicero alimwandikia rafiki yake Gallus, naye katikati ya Kilatini chake akaandika kwa Kigiriki msemo wa kicheko hicho. Anakihusisha na hofu: iwapo mtu fulani atakuwa mtawala wao, na wapo wanaoona anamkusudia Julius Caesar, wao watakuwa wakicheka kicheko cha namna hiyo. Ni kicheko cha anayelazimika kucheka mbele ya mkubwa. Barua zao za siku hizo zinamteta Tigellius, aliyetoka Sardinia, hivyo ni vigumu kuamini kwamba Cicero hakukisikia kisiwa ndani ya neno. Virgil, miaka michache baadaye, anamfanya mchungaji katika shairi lake la saba la wachungaji ataje uchungu wa majani ya Sardinia, na hapo uchungu wa ulimi umeungana na uchungu wa kicheko.

Linganisha na Odysseus. Yeye alikuwa na nguvu na akazificha. Anayecheka katika barua ya Cicero hana nguvu na hana pa kujificha. Mabadiliko hayo hayaelezeki kwa neno la Homer peke yake. Yanaeleweka tukikumbuka wazee wa Timaeus waliocheka wakiuawa, na mlaji wa jani aliyecheka bila kutaka. Hekaya ndiyo iliyotia mauti na kulazimishwa ndani ya neno, ndiyo iliyotia uchungu, na ndiyo iliyobadilisha *a* kuwa *o*. Haikulizaa neno hili, lakini ndiyo iliyolilea hadi likafika ukubwa wake.

Waingereza walilipokea kwa awamu mbili. Edmund Spenser, katika kitabu cha tano cha The Faerie Queene kilichotoka mwaka 1596, anaandika *Sardonian*, na analitumia kwa tabasamu la laghai Malengin anayemchekea mwanamke huku akificha nia yake mbaya. Inashangaza kwamba Spenser, bila shaka akiwa na kisiwa akilini, ameirudia maana iliyo jirani sana na ya Homer, tabasamu linaloficha. Umbo *sardonic* lilifuata katika karne ya 17 kutoka Kifaransa, *sardonique*, ndilo likadumu. Kisiwa kikazidi kusahaulika. Leo Mwingereza anayelitumia neno hili kuhusu mhakiki mkali wa tamthilia hafikirii Sardinia kuliko tunavyofikiria punda tunapowapeleka wajawazito kuchanjwa dhidi ya pepopunda.

Wanaotunga kamusi za asili ya maneno ya Kiswahili wana rundo la visa kama hivi mezani, kuanzia majina ya miji hadi ya maradhi. Ombi langu kwao ni kwamba kila kisa kiandikwe pamoja na tarehe mbili: lini kilisimuliwa kwa mara ya kwanza katika maandishi tuliyonayo, na lini neno lenyewe liliandikwa kwa mara ya kwanza, kwa umbo gani. Kisa kikionekana kuwa kichanga kuliko neno, kisifutwe. Kihamishwe kutoka safu ya asili hadi safu ya maana.